Dirisha Linalotaja Umri wa Nyumba

Wageni wengi wakifika Alamo Square, San Francisco, hupiga picha ya zile nyumba za rangi zilizopangana Mtaa wa Steiner, kisha huenda zao. Wanaacha utamu wote nyuma, maana ukijua pa kutazama, nyumba za eneo hili hutaja umri wake zenyewe.

Anza na dirisha. Viwanja ni vyembamba, vingi vina upana wa mita 7.6 hivi, na nyumba zimebanana ubavu kwa ubavu. Mwanga huingilia mbele na nyuma, ndiyo maana mafundi walilitokeza dirisha la sebule nje ya ukuta, lidake jua la mji huu wa ukungu. Dirisha lenye mbavu za mshazari kwa kawaida ni la miaka ya 1870. Likiwa na pembe mraba, umefika miaka ya 1880. Ukiona paa la pembetatu linalotazama barabara, vigae vya mbao vilivyokatwa kama magamba ya samaki, pengine na kimnara cha duara kwenye kona, huo ni mtindo wa Queen Anne wa miaka ya 1890. Zile za Steiner, alizojenga Matthew Kavanaugh kati ya 1892 na 1896, ni za kundi hili.

Nakshi nyingi za nyumba hizi hazikuchongwa kwa mkono. Mbao za redwood kutoka misitu ya California zilikerezwa kwa mashine viwandani. Mjenzi alichagua nguzo na mapambo kwenye katalogi, akayapigilia misumari. Hapo ndipo familia za kipato cha kati zilipopata nyumba ya fahari, na kwangu hilo lina uzito kuliko rangi, ambazo ukali wake ulianza miaka ya 1960 tu.

Moto uliofuata tetemeko la Aprili 18, 1906 ulizuiwa kwenye barabara ya Van Ness, upande huu ukasalimika. Pigo kubwa lilitoka kwenye ofisi za mipango miji. Kuanzia miaka ya 1950, mradi wa kuendeleza upya Western Addition, eneo linaloizunguka Alamo Square, ulibomoa nyumba za aina hii kwa mamia na kuwahamisha maelfu ya wakazi, wengi wao Wamarekani Weusi na wenye asili ya Japani. Alamo Square ilipata ulinzi wa kisheria mwaka 1984. Wengi wa waliohamishwa hawakurudi tena.