Je, Wajua? Pikipiki mpya, pikipiki ya mkononi na mchanga wa Tandahimba

Je, wajua kuwa Tandahimba pikipiki nayo ina msimu wake?

Minada ya korosho ya TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, huanza Oktoba. Malipo yakishaingia benki, vijana wanashuka Mtwara au wanaelekea Masasi kutafuta chombo kipya, na wauzaji wanajua kabisa kwamba mteja wa Novemba habishani sana juu ya bei. Kuanzia Februari mambo yanageuka. Ada ya shule imelipwa, nyumba imeezekwa bati, fedha imekwisha, na pikipiki ileile iliyopigiwa vigelegele Desemba inatafutiwa mtu. Ikifika Mei, mkulima anahitaji salfa ya kupulizia mikorosho na vibarua wa palizi, na hapo bei ya pikipiki ya mkononi huwa laini kuliko wakati wowote. Mwenye akiba kidogo wakati huo ana nguvu ambayo Novemba hawezi kuiota.

Msimu wa 2017 bei ya korosho mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Mwaka uliofuata wanunuzi walikuja na bei ambazo wakulima walizikataa, na Novemba 2018 Rais Magufuli akatangaza kuwa serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300, huku Jeshi la Wananchi likipewa kazi ya kuisomba. Malipo yakasubiri uhakiki, maana serikali ilikuwa ikiwasaka wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa wakulima kinyemela kabla ya mnada. Aliyekuwa ameahidi kumalizia deni la pikipiki kabla ya Krismasi alikuwa na maelezo mengi ya kutoa. Ndiyo maana mimi, katika ubishi wa mpya au ya mkononi, huuliza kwanza swali la fedha: unanunua kwa hela iliyo mfukoni, au kwa korosho ambayo bado iko mtini? Pikipiki mpya ya mkopo unaotegemea mnada ni mzigo mzito kuliko pikipiki kuukuu iliyolipiwa.

Je, wajua kuwa “namba” haisemi umri?

Vijiweni watu hupima chombo kwa herufi. Namba za pikipiki nchini huanza na MC, zikafuata tarakimu, kisha herufi tatu, na ile ya kwanza kati ya hizo tatu ndiyo inayotajwa: hii ni namba C, ile ni namba D. Muuzaji akisema “namba E hii, kaka,” anamaanisha bado mbichi. Kwa bodaboda hesabu hiyo huwa sawa kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa zinasajiliwa zikitoka dukani. Lakini herufi inaonyesha tu lini chombo kiliandikishwa Tanzania. Pikipiki kubwa iliyoundwa Japani mwaka 2004, ikatembea huko miaka yote, kisha ikaletwa na meli, inaweza kuvaa herufi za karibuni kuliko Boxer ya jirani yako ya 2019.

Umri wa kweli tafuta kwingine. Kwanza kwenye tairi: ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Ukisoma 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pikipiki inayodaiwa kuwa na mwaka mmoja huku tairi zake “za kiwandani” zina miaka mitano, mwenyewe anapaswa kueleza.

Kisha kwenye chesisi. Namba iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani, huwa na herufi na tarakimu 17 kwa utaratibu wa kimataifa. Tatu za mwanzo zinamtaja mtengenezaji: MD2 ni Bajaj ya India, MD6 ni TVS. Namba ikianza na L, chombo ni cha China. Ikianza na J, ni cha Japani. Na herufi I, O na Q hazitumiki kabisa, zisije zikachanganywa na moja na sifuri. Pitisha kidole juu ya namba hiyo. Chuma kilichosagwa na tupa kikapakwa rangi upya hujulikana kwa kidole kabla ya jicho, na namba isiyofanana na iliyo kwenye kadi haina mjadala: ondoka.

Je, wajua kuwa pikipiki “mpya” imefungwa na fundi wa hapahapa?

Nyingi zinaingia nchini zikiwa vipande ndani ya kreti: fremu na injini upande mmoja, magurudumu, usukani na betri upande mwingine. Fundi ndiye anayezifunga, anatia oili, anaunganisha nyaya na kukaza nati. Kwa hiyo upya wa chombo kwa sehemu fulani ni uangalifu wa fundi asiyejulikana, aliyekuwa na kreti nyingine zikimsubiri. Mnunuzi mwenye busara huzungukia nati zote kwa spana siku ya kwanza, hubadilisha oili mapema, na haibebeshi gunia wala kuivuta hadi mwisho katika kilometa za mwanzo, wakati ringi na silinda bado zinazoeana. Wengi hufanya kinyume: chombo kinatoka dukani asubuhi, mchana kimebeba abiria wawili na ndoo ya samaki.

Je, wajua kuwa Boxer ina ndugu wa Ulaya?

Bajaj, kampuni ya Pune inayounda Boxer na iliyotuachia jina la bajaji, inaitengenezea Triumph ya Uingereza pikipiki ya Speed 400, iliyotoka mwaka 2023. TVS ya Hosur, inayounda HLX tunazoziona kila kijiwe, imekuwa ikiwaundia BMW wa Ujerumani modeli ya G 310, na mwaka 2020 ilinunua Norton, jina la Kiingereza lililoanzishwa mwaka 1898. Anayedharau “pikipiki ya Mhindi” akaota BMW ndogo anaota chuma kilichotoka kiwanda cha Mhindi huyohuyo.

Sasa tuje kwenye pikipiki kubwa zenyewe, maana kila kijiwe kina kijana mmoja mwenye picha yake kwenye simu. Nazungumzia zile za mwendo kasi zilizoundwa kwa safari ndefu: zina kioo cha kukinga upepo, maboksi ya mizigo pembeni, na mkao usiomvunja mtu mgongo. BMW R100RS ya mwaka 1976 hutajwa mara nyingi kama iliyofungua njia. Gamba lake la mbele lilipimwa kwenye chumba cha upepo cha Pininfarina, Italia. Yamaha FJR1300 ikafuata mwaka 2001, injini ya sisi 1298, tangi la lita 25, na uzito wa karibu kilo 290. Boxer ya 150 haifiki nusu ya uzito huo.

Cha kuchekesha ni kwamba zote mbili hutumia ringi za inchi 17. Ila tairi la nyuma la FJR lina upana wa milimita 180, na la Boxer ni la inchi tatu. Tairi la Boxer utalipata Tandahimba mjini, pengine hata kwenye duka linalouza na sukari. La FJR utaliagiza mbali na kulisubiri. Hapo ndipo mtumba wa pikipiki kubwa unapomgeuka mtu: bei ya kununua inavutia, lakini tairi, pedi za breki na betri bado zina bei ya pikipiki kubwa mpya.

Na mchanga. Uwanda wa Makonde, ilipo Tandahimba, unapanda taratibu kutoka upande wa pwani hadi karibu mita 900 kwenye ukingo wa magharibi, na sehemu kubwa ya juu yake ni udongo wa kichanga. Barabara ya Mtwara, Nanyamba, Tandahimba, Newala hadi Masasi ina kilometa 210. Kipande cha kwanza cha kilometa 50 hadi Mnivata kilitangulia kupata lami, na kilometa 160 zilizobaki zikaja kuingia mkataba baadaye. Lakini ukiacha barabara kuu ukaingia ya kijiji, kilo 290 juu ya tairi laini la lami zitakufundisha kusukuma. Waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walipokatiza Tanzania mwaka 2007 katika safari yao kutoka Scotland hadi ncha ya kusini ya Afrika walipanda BMW R1200GS, pikipiki ndefu ya njia mbaya, ingawa kwenye lami peke yake ile ya mwendo kasi ingewafaa zaidi.

Mchanga huohuo, hata hivyo, ni rafiki wa mnunuzi. Iendeshe pikipiki polepole, ukiwa wima, moja kwa moja kwenye mchanga mlaini, kisha shuka urudi kuangalia alama. Chombo kilichonyooka huacha mstari mmoja, tairi la nyuma likipita juu ya alama ya la mbele. Ukiona mistari miwili, aidha gurudumu la nyuma limefungwa upande, na hilo linarekebishika kwa spana, au fremu imepinda kwa ajali. Hakuna mashine ya karakana inayokupa jibu kwa bei hiyo.

Cheni nayo isome. Mchanga ukichanganyika na grisi huwa tupa, na meno ya spoketi yaliyoliwa huchongoka na kuinama upande mmoja. Pikipiki kubwa za safari nyingi, FJR ikiwemo, zimekwepa tatizo hilo kwa kutumia shafti iliyofungiwa ndani ya oili.

Kilometa zisikutishe wala zisikudanganye. Kitabu cha FJR kinataka valvu zikaguliwe kila baada ya kilometa 42,000 hivi, kwa hiyo yenye kilometa 40,000 bado ni kijana. Bodaboda inayopiga kilometa 100 kwa siku hufika hapo kwa miezi 13 hivi, na imefika kwa gia fupi, vumbi, abiria wawili na madumu ya maji, maana uwanda huu una shida ya maji ya tangu zama na pikipiki ndizo zimerithi kazi ya kuyapandisha. Mita yenyewe inaweza kubadilishwa au kukatwa waya. Raba za kukanyagia, pedeli ya breki na mpini wa kiki ni vigumu zaidi kudanganya: mita ikisema kilometa 8,000 huku pedeli imelika hadi kung’aa, amini pedeli.

Mengine kwa haraka. Fika bila kutoa taarifa na uguse injini kabla haijawashwa. Muuzaji anayeijua kasoro ya asubuhi huipasha moto kabla hujafika. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, yaani ringi au silinda imechoka. Moshi mweusi ni petroli nyingi, na mara nyingi hiyo ni kazi ndogo ya kabureta au chujio la hewa lililojaa vumbi. Nyaya zilizokaa karibu na mifuko ya salfa zikague pia, kwa kuwa salfa huiweusisha shaba.

Je, wajua kuwa pikipiki ileile inaweza kuwa na maisha mawili tofauti?

Ya hesabu hukabidhiwa dereva ambaye kila jioni anampelekea bosi kiasi fulani. Si yake, na dereva wa namna hiyo hana sababu kubwa ya kubadilisha oili kwa wakati. Ya mkataba ni nyingine: dereva akimaliza miezi waliyokubaliana chombo kinakuwa chake, na utamwona anaifuta vumbi hata akisubiri abiria. Ukiambiwa pikipiki ilikuwa ya biashara, uliza ilikuwa ya biashara ipi. Binafsi, kati ya mpya ya mkopo na ya mkononi iliyokuwa ikimpeleka mwalimu shuleni na kumrudisha, nachukua ya mwalimu. Lakini anayetaka kuiingiza kijiweni kesho, afanye kazi kutwa, na fedha taslimu anayo, anunue mpya. Bodaboda iliyochoka humnyang’anya mwenyewe siku za kazi, na siku ya kazi hairudi.

Zipo pia zile zenye namba za DFP, za miradi ya wafadhili. Nyingi hutunzwa kwa daftari la matengenezo, na mradi ukiisha huuzwa. Tahadhari ni kwamba kilichoingia nchini kwa msamaha wa kodi kikienda kwa mtu asiye na msamaha, kodi hudaiwa. Hakikisha TRA kwanza nani analipa, ndipo ufurahie bei. Ada ya mwaka ya leseni ya chombo, iliyokuwa ikirithiwa kama deni, ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta kwa nyongeza ya shilingi 40 kwa lita. Faini za trafiki ndizo zinazobaki kwenye namba, na unaweza kuzitazama kwenye mfumo wa polisi kwa kuandika namba ya chombo tu, kabla hujatoa hata shilingi.

Mwingereza Ted Simon alijaribu pande zote mbili. Mwaka 1973 aliondoka London na Triumph mpya ya sisi 500, akapita Afrika Mashariki, akazunguka dunia kwa miaka minne. Mwaka 2001, akikaribia miaka 70, aliirudia safari hiyo kwa BMW R80GS, modeli iliyokuwa imeacha kutengenezwa miaka kadhaa nyuma. Zote zilimsumbua njiani, na zote zilimrudisha.

Helmeti haimo katika ubishi huu. Povu gumu lililo ndani yake huokoa kichwa kwa kubonyea, na likishabonyea mara moja halirudi, hata kama ganda la nje linang’aa. Ya mkononi haikuambii ilishaanguka mara ngapi.