Je, Wajua Nyungunyungu Huenda Wapi Kipupwe Kikiingia?

Gairo, kwetu mkoani Morogoro, Tanzania, hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mwezi wa pili, ukipiga jembe kwenye bustani ya nyuma ya nyumba, huwezi kugeuza bonge la udongo bila kumfichua nyungunyungu, mwekundu na mtelezi, akijikunja kwa hasira ya kuanikwa juani. Rudi mwezi wa sita, piga jembe palepale: vumbi tupu. Wengi hudhani amekufa. Aliye hai yuko chini zaidi, amelala, na kabla ya kulala amejiandaa kuliko wengi wetu tunavyoziandaa bustani zetu.

Anavyojiandaa ni hivi. Udongo wa juu ukianza kukauka, anashuka kuufuata unyevu. Akifika anapoona panafaa, anamwaga yote yaliyomo tumboni mwake, anachonga kichumba cha mviringo, anakipaka ute wake ukutani, kisha anajikunja humo kama fundo la uzi. Mwili wake unapunguza kazi zote. Anaweza kukaa hivyo miezi, bila kula, mpaka maji ya mvua yamfikie. Si kila aina hufanya hivyo. Wapo wanaokufa kiangazi na kuacha mayai ndani ya vifuko vidogo vyenye ganda gumu, visivyozidi punje ya mtama kwa wengi wao. Watoto wakitoka, mama hawamjui.

Kwa nini apate shida yote hiyo? Kwa sababu hana mapafu. Anapumua kwa ngozi, na ngozi hupitisha hewa ikiwa na majimaji tu. Zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji. Kwake kukauka na kukosa pumzi ni kifo kimoja.

Hapa ndipo bustani ya Gairo inapotofautiana na zile tunazosoma habari zake kwenye vitabu vya wageni. Mkulima wa Uingereza huifunika bustani yake kabla ya majira ya baridi akiogopa barafu, na nyungunyungu wa kwake hushuka chini kuikimbia barafu hiyohiyo. Gairo iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Usiku wa Juni na Julai unataka blanketi zito na sweta, lakini maji kwenye ndoo hayagandi. Adui wa kipupwe chetu ni ule upepo mkavu unaopita juu ya ardhi tupu, mchana na usiku, ukibeba unyevu uliobaki, na baada yake rutuba yenyewe kwa sura ya vumbi. Baridi peke yake isingemdhuru mtu. Tena kabichi, karoti na vitunguu vinaipenda.

Charles Darwin, yule mwanasayansi wa mageuzi ya viumbe, alitoa kitabu chake cha mwisho mwaka 1881, miezi michache kabla ya kufa, na kitabu kizima kilihusu nyungunyungu. Aliwafuga ndani ya vyungu nyumbani kwake. Akawajaribu kwa zumari na kinanda ajue kama wanasikia: kelele za hewani hawakuzijali hata kidogo, lakini chungu kilipowekwa juu ya kinanda na kinanda kikapigwa, walirudi mashimoni mbio. Husikia mtikisiko, si sauti. Alikadiria pia kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza udongo mkavu unaopita matumboni mwao kwa mwaka unazidi tani 10 kwa kila ekari. Nyungunyungu anameza udongo pamoja na majani yaliyooza, anavisaga kwenye firigisi yake (ndiyo, anayo firigisi kama kuku), anavitoa vikiwa mbolea laini ambayo mizizi huifyonza upesi. Njia anazotoboa ndizo zinazopokea mvua ya kwanza isikimbilie barabarani.

Waluguru, wenyeji wa milima ya Uluguru hapa Morogoro, walilijua jambo hili kwa vitendo, bila kumfuga mdudu kwenye chungu. Kwenye miteremko ya Uluguru hulima matuta ya ngazi: magugu na masalia ya mazao hulazwa kwenye mfereji, kisha hufukiwa kwa udongo. Ni karamu ya nyungunyungu iliyozikwa mahali pake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha kuchonga matuta mapana badala yake, yaliyofukua udongo wa chini usio na rutuba. Mwaka 1955 wananchi waligoma, kukatokea ghasia, mpango ukafa.

Ukichimba huko Uluguru uangalie vizuri, maana kuna kiumbe unayeweza kumwita nyungunyungu naye siye. Ana uti wa mgongo na meno, ni ndugu wa chura asiye na miguu, na nyungunyungu ni kitoweo chake.

Turudi Gairo. Mavuno ya mahindi yakiisha, desturi yetu ni kufagia. Bustani inafagiliwa kama uwanja wa harusi, mabua na majani yanarundikwa pembeni, kiberiti. Jioni moshi, asubuhi majivu, na ardhi imebaki uchi miezi mitano mbele ya upepo. Unadhifu huu unatugharimu.

Badala ya kufagia, mche uliokwisha zaa ukate usawa wa ardhi, mizizi iachie humohumo ioze. Mabua yakatekate, changanya na majani makavu na pumba, tandaza unene wa vidole vinne. Ukitaka kuendelea na mchicha au kitunguu kwa maji ya ndoo, kitalu kiwe chini kidogo kuliko njia, maji yasimwagike ovyo, na umwagilie jioni. Chini ya matandazo hayo nyungunyungu huchelewa kulala, maana unyevu haujaondoka, kwa hiyo kazi yake inaendelea wiki kadhaa zaidi.

Nisiwafiche kasoro mbili za matandazo. Matandazo makavu huita mchwa, na mchwa hajui kubagua bua lililokufa na mche ulio hai. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, na usiwachukie kupita kiasi, kwani kwenye nchi kavu kama ya Gairo nao hulima udongo sana, pengine kumpita nyungunyungu. Kasoro ya pili ni mbuzi wa jirani, ambaye kwake matandazo yako ni chakula. Zungushia miiba. Kuku nao wazuiwe, la sivyo watafukua kila kitu kumtafuta yuleyule unayemhifadhi.

Na wale wanaoamini kwamba ukimkata nyungunyungu vipande viwili unapata nyungunyungu wawili: hapana. Upande wa kichwa huenda ukaota mkia mwingine. Wa mkia hufa. Kwa hiyo kabla ya mvua za Novemba, ukiitayarisha bustani, tumia uma wa bustani kama unao. Jembe liende taratibu.