Taka Zisimpeleke Mtoto Jalalani

Mama mpendwa, huku kwetu Uru maganda ya ndizi hayatusumbui. Mengine huliwa na ng'ombe zizini, mengine huwa mbolea ya migomba kihambani. Lakini binti zetu walioolewa Moshi mjini wamepanga vyumba. Hawana kihamba wala zizi. Mji wao umesifiwa mara nyingi kwa usafi, ila usafi huo huanzia jikoni.

Siku moja nilisafisha jeraha la mtoto wa miaka saba. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, hivyo alitumwa jalalani na ndoo nzito, akakanyaga wembe.

Mama yake alilia, kisha akawaita wapangaji wenzake. Waliweka pipa moja lenye mfuniko karibu na lango, wakapeana zamu za kulitoa gari la taka linapopita. Maganda huwekwa kando kwa jirani mfugaji; hivyo pipa halijai upesi, wala halivuti nzi waletao kuhara. Nyembe na vioo hufungwa ndani ya kopo.

Pipa likiwa karibu, mtoto hatumwi mbali. Je, mama, umeshazungumza na jirani yako?