Kwa nini injini hutetema ikiwa baridi na kutulia ikipata joto

MSIMU wa baridi uingiapo, hasa kati ya Juni na Agosti, wakazi wa maeneo ya miinuko kama Limuru, Kinangop na Nyahururu huzoea kuamshwa na gari la jirani linalokohoa.

Injini huwashwa, ikaanza kutetema, mshale wa mizunguko ukapanda na kushuka, na mara nyingine ikazimika kabla gari halijatiwa gia. Dakika kumi baadaye, hunguruma kana kwamba haijawahi kuugua.

Hapo ndipo fedha za wengi hupotelea. Mwenye gari hufika gereji injini ikiwa tayari moto, fundi asione kasoro yoyote, kisha abuni tiba. Huanza na plagi mpya. Zisipofaa, koili; koili nazo zisipofaa, pampu ya petroli. Asubuhi inayofuata mtetemo ungalipo.

Ilhali kule kutoweka kwake ndicho kidokezo kikubwa. Gari lenye hitilafu hii lapaswa kulazwa gereji usiku kucha, au fundi aitwe nyumbani alfajiri, ili mtu wa kwanza kuliwasha awe ni yeye.

Petroli huungua vyema ikiwa mvuke. Injini ikiwa baridi, sehemu yake hubaki matone kwenye kuta za njia ya hewa na mitungi, hivyo injini huhitaji kuongezewa petroli hadi ipate joto. Katika magari ya zamani yenye kabureta, dereva alivuta choki kwa mkono. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta ya gari.

Kwa sababu hiyo, mizunguko kufikia 1,200 au hata 1,500 kwa dakika mara tu injini inapowaka si ugonjwa. Yapaswa kushuka polepole hadi 700 hivi kadiri joto linavyopanda. Ugonjwa ni kuyumba na kutetema.

Kompyuta hujua kiasi cha joto kupitia sensa ndogo iliyotumbukizwa katika maji ya injini. Ikidanganywa, nayo hukosea kipimo cha petroli. Kuichunguza ni rahisi ajabu, na hushangaza kwamba ni mafundi wachache wanaoanzia hapo. Gari likiwa limelala usiku kucha, fundi huunganisha kifaa cha kusomea kompyuta kabla ya kuwasha injini. Joto la maji linalosomeka lafaa kukaribiana na la hewa ya nje. Iwapo nje ni nyuzi 12 na kompyuta inasoma 60, sensa hiyo au nyaya zake ndizo zenye makosa. Ikisoma 40 chini ya sufuri, huenda waya umekatika.

Mshukiwa mwingine ni hewa ya wizi, yaani inayopenya bila kupimwa. Mipira inayounganishwa na njia ya hewa hukauka na kupasuka kwa miaka, na gasketi hukakamaa. Vikipata joto hutanuka na kuziba ufa. Isitoshe, injini ikiwa moto, sensa ya oksijeni katika bomba la moshi huisaidia kompyuta kurekebisha mchanganyiko. Ikiwa baridi, msaada huo haupo. Sikiliza mlio mwembamba wa kufyonza, kisha uchunguze kila mpira kwa kuupinda.

Kilango cha hewa, kile kinachofunguka unapokanyaga mafuta, nacho hujaa masizi. Kukisafisha ni kazi ya muda mfupi na ya gharama ndogo. Vivyo hivyo kwa vali ndogo inayopitisha hewa wakati hujakanyaga mafuta, katika magari yaliyo nayo.

Plagi hazina budi kuangaliwa, lakini zisomwe kabla ya kutupwa. Iliyolowa petroli haikuwaka. Nyeusi yenye masizi huashiria petroli nyingi kupita kiasi.

Kuna kosa moja ambalo hutendwa kwa makusudi. Baadhi ya mafundi huiondoa themostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate joto, wakidai wanazuia injini kuchemka. Katika magari mengi vali hiyo huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Bila hiyo, injini huchelewa mno kupata joto, na kompyuta huendelea kuongeza petroli safari nzima. Petroli hiyo ya ziada huosha oili kwenye kuta za mitungi na kuharakisha kulika kwake. Kama gari lako hunywa mafuta kupindukia na mshale wa joto haufiki katikati, uliza iwapo themostati ingalipo.

Mtetemo ukianza ghafla baada ya kujaza tangi, shuku petroli iliyochanganywa na mafuta taa, ambayo hayageuki mvuke kwa urahisi kwenye baridi. Ni kwa ajili ya kukomesha uchakachuaji huo ambapo serikali ilianzisha ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka wa 2018.

Dalili isiyopaswa kupuuzwa hata siku moja ni mtetemo unaoandamana na moshi mweupe usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua bila kuonekana yanakovujia. Huenda gasketi ya kichwa cha injini imetoboka na maji yanadondokea ndani ya silinda usiku. Gari hilo lisiendeshwe hadi likaguliwe.

Wakati wa kufanya majaribio haya, injini isiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa milango, kwani moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu na inayoua. Nalo gari zima halihitaji kungurumishwa robo saa kila asubuhi. Nusu dakika hadi dakika moja yatosha, kisha liendeshwe taratibu kilomita chache za kwanza.