Kisiwa cha Pasaka: Kwenda saa tano, kurudi saa nne na nusu

Na Mwandishi Wetu

ABIRIA anayepanda ndege jijini Santiago, Chile, kwenda Kisiwa cha Pasaka hukaa angani zaidi ya saa tano. Akirudi kwa njia hiyo hiyo na ndege ya aina ile ile, hutumia saa nne na nusu hivi. Umbali haubadiliki: ni takriban kilomita 3,750, karibu zote juu ya Bahari ya Pasifiki.

Kinachosababisha tofauti hiyo ni upepo. Katika eneo hilo, pepo za juu kwa kawaida huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege kama Boeing 787 huenda kilomita 900 hivi kwa saa, lakini mwendo huo hupimwa kwa hewa inayoizunguka, si kwa bahari iliyo chini yake. Ikikabiliwa na upepo wa kilomita 100 kwa saa, mwendo wake halisi hushuka hadi kilomita 800, na safari huchukua saa nne na dakika 40. Upepo huo ukiisukuma kutoka nyuma, mwendo hufikia kilomita 1,000 na muda hupungua hadi saa tatu na dakika 45. Juu ya hapo huongezwa muda wa kupaa na kutua.

Hata hivyo, kwa rubani jambo zito zaidi ni mahali pa kukimbilia. Uwanja wa Mataveri, ulioko kisiwani humo, una njia moja tu ya kurukia na kutua ndege. Njia hiyo ikizibika, uwanja ulio karibu zaidi uko Mangareva, katika Polinesia ya Ufaransa, umbali wa kilomita 2,600 hivi, ambao ni mwendo wa takriban saa tatu.

Ndiyo maana ndege hubeba mafuta ya akiba, na rubani hana budi kujua hali ya hewa na ya uwanja kabla hajapita mahali ambapo hawezi tena kugeuza na kurudi bara. Utaratibu uliozoeleka ni kwamba ndege ya pili haivuki hapo mpaka ya kwanza iwe imetua salama.

Safari ya kwanza ya ndege kutoka bara ilifanyika Januari 1951, pale Roberto Parragué wa Jeshi la Anga la Chile alipotumia takriban saa 19. Safari za abiria zilianza katika miaka ya 1960. Mwaka 1987 njia ya kurukia ilirefushwa hadi mita 3,318 kwa msaada wa Marekani, ili chombo chake cha anga kiweze kutua hapo kwa dharura. Hakikuwahi kutua, lakini ndege kubwa za abiria zilinufaika.

Kwa wakazi wa kisiwa hicho, waliokuwa zaidi ya 7,700 katika sensa ya mwaka 2017, njia hiyo ndiyo tegemeo la biashara na la wagonjwa wanaohitaji matibabu ya kibingwa bara. Walilitambua hilo Machi 2020, kisiwa kilipofungwa kwa watalii kutokana na janga la korona. Hadi kilipofunguliwa Agosti 2022, wengi waliokuwa wakiishi kwa utalii walirejea kwenye kilimo na uvuvi.