Kereng'ende wa Amani: Wamebaki Wangapi?

Kereng'ende mnamjua. Ni mdudu mwenye mabawa manne na mwili mrefu mwembamba. Huruka juu ya maji, na watoto humkimbiza kandokando ya mto.

Lakini yuko kereng'ende mmoja ambaye ukimtafuta mtoni kwenu huenda usimwone kamwe. Anajulikana katika milima ya Usambara Mashariki tu, kwenye msitu wa Amani, wilaya ya Muheza. Wataalam humwita Amanipodagrion gilliesi. Jina ni refu, lakini ndani yake limo neno Amani. Limo pia jina la Gillies, mtaalam wa mbu wa malaria aliyefanya kazi huko. Jina limefaa, maana kereng'ende hula mbu! Habari za mdudu huyu ziliandikwa mara ya kwanza mwaka 1962.

Yeye hukaa kwenye vijito vya maji safi, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Mtoto wake huishi ndani ya maji. Akikomaa hutoka, hujivua ngozi, na kuruka. Basi maji yakijaa udongo, mtoto hufa kabla hajaota mabawa. Miti ikikatwa, jua huingia na maji hupata joto.

Je, wamebaki wangapi? Mwaka 2012 wataalam wa uhifadhi walimtia katika orodha ya viumbe 100 vilivyo karibu kabisa kutoweka duniani. Walikadiria kwamba hawafiki 500. Lakini hayo ni makadirio. Mbuzi huhesabiwa jioni wakirudi zizini. Kereng'ende hana zizi. Mtoto amejificha majini, na mkubwa huruka kwa muda mfupi tu kisha hufa. Ukimkosa leo kijitoni, huwezi kusema amekwisha. Ukiwaona watatu, huwezi kusema wako salama. Kwa hiyo ni lazima kukitazama kijito chenyewe. Je, maji bado ni safi? Je, kivuli bado kipo?

Msitu wa Amani ulifanywa hifadhi mwaka 1997. Hata hivyo, mwaka 2003 na 2004 watu wengi waliingia katika milima hiyo kutafuta dhahabu. Walichimba hata ndani ya vijito, na maji yakawa matope.

Vijito vya Amani huingia katika Mto Zigi. Mto huo ndio unaowapa maji watu wa mjini Tanga.