Miili Juu ya Sanda

Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, hachori juu ya turubai. Anachora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambacho Baganda wa Uganda wamekitumia tangu zamani kuwazikia wafu wao. Alikuwa ameshasomea uchoraji London alipokikuta Nairobi, miongoni mwa bidhaa za watalii.

Tukitazame kwanza kitambaa chenyewe, maana bila hicho picha zake hazieleweki. Gome hubanduliwa wakati wa mvua, na shina lililobaki uchi hufungwa majani ya mgomba ili liote gome jingine. Gome lililobanduliwa mafundi huligonga kwa nyundo za mbao mpaka lilainike na kutanuka, kisha huanikwa juani likageuka rangi ya udongo mwekundu. Huwa lina matundu, na palipochanika hushonwa. Armitage hayazibi matundu hayo wala haifichi mishono. Utakuta mshono mnene umekatiza mwili wa mtu kama kovu, na rangi imelazimika kuupanda na kuushuka.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa kazi yake: mtu yeyote anayemchora, hata akiwa hai na mwenye nguvu, tayari amelala juu ya sanda.

Mwaka 2017 alifuatana na wanahabari hadi mkutano wa upinzani katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Aliyoyaona huko aliyachora polepole studioni, akiyachanganya na picha za magwiji wa kale wa uchoraji kama Goya: watu wamekwea mti, miguu inaning'inia, macho yao yako kwenye jambo ambalo sisi hatulioni. Mwaka 2022 alichora Likoni, Mombasa, ambako Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, polisi waliwapiga na kuwarushia gesi ya machozi watu waliokuwa wakisubiri feri.

Rangi zake ni nzuri mno, na yupo atakayesema uzuri huo unafunika maumivu. Sikubali. Uzuri ndio unaokuvuta karibu. Ukija kutambua unachokitazama, huwezi tena kugeuza uso.

Anawakumbuka pia waliomtangulia. Maonyesho yake ya mwaka 2021 katika Royal Academy, London, yaliambatana na kazi za wachoraji wa kwetu Afrika Mashariki, wakiwemo Jak Katarikawe, Theresa Musoke na Sane Wadu. Nairobi nako ameanzisha taasisi ya sanaa, Nairobi Contemporary Art Institute (NCAI). Msomaji uliye karibu, nenda ukaitembelee.